Mgongo wa Susu Mbula

Miaka kumi na tisa nimepiga picha za eksirei hapa Kitui, na mtu akikuambia Kimeu amewahi kuchanganya kulia na kushoto, mwambie anitafute. Ile herufi ya madini ya risasi, R, inayotokea kwenye picha, huiweka mwenyewe upande wa kulia wa mgonjwa. Siwaachii wanagenzi. Najisifu, ndiyo, lakini najisifu kwa kazi.

Ndiyo maana siku ile niliona aibu peke yangu chumbani. Ndinda, msichana wa miaka kumi na miwili, aliletwa na nyanya yake kutoka Zombe. Alikuwa na homa, anatapika, ameshika tumbo chini upande wa kushoto. Kwa sababu ya homa, Daktari Salama alitaka pia picha ya kifua. Nilipoitazama kwenye kompyuta, moyo ulikuwa upande wa kulia. Nikajua nimeweka herufi vibaya. Nikachungulia mlangoni, hapakuwa na mtu. Nikabonyeza mara moja, picha ikageuka, moyo ukahamia kushoto. Nikafuta herufi, nikaandika upya, na jina langu likabaki safi.

Saa sita nilipita wodini nikamkuta nyanya yake, Susu Mbula, akibishana na daktari.

"Huyu mtoto moyo yake iko huku," alisema, akijigonga nyuma ya bega la kulia. "Nimebeba watoto sita na hii mgongo. Wale watano walikuwa wananigonga huku kushoto. Huyu peke yake alikuwa ananigonga huku. Kama moyo imekaa vingine, si hata tumbo inaweza kukaa vingine?"

Daktari Salama akamgeuzia kompyuta kwa upole. "Susu, ona mwenyewe. Mimi nikisikiza moyo nasikia kwa mbali, lakini ni vile analia. Picha ndiyo hii, na moyo iko kushoto kama ya kila mtu. Kidole tumbo huumiza upande wa kulia, na yeye anaumwa kushoto. Tumempa dawa, tutamwangalia mpaka kesho."

Mpaka kesho. Nilimtazama Ndinda. Hakuwa akilia tena. Alilala kimya, midomo imemkauka, na kama ni kidole tumbo kweli, kikipasuka angeweza kufa kabla ya hiyo kesho. Niliogopa sana. Nilijua nikifungua mdomo, miaka yangu kumi na tisa inaishia pale, mbele ya manesi wanne.

"Daktari," nikasema, "hiyo picha niligeuza mimi."

"Uligeuza aje?"

"Moyo ilitokea kulia. Nikadhani nimekosea herufi. Sikukosea. Nilikosea kugeuza."

Hakunigombeza. Alivaa kipimo chake masikioni, akakiweka kwenye kifua cha Ndinda, safari hii upande wa kulia, akafumba macho. Alipoyafumbua aliita watu wa upasuaji. Saa nane mtoto alikuwa mezani. Kila kitu ndani yake kilikuwa kimekaa kinyume, ini kushoto, tumbo la chakula kulia, na kidole tumbo kushoto, kimevimba na karibu kupasuka.

Wiki mbili baadaye madaktari wote walikutana kusikiliza habari za mgonjwa huyo wa ajabu. Daktari Salama aliishukuru timu yake. Nikanyanyuka bila kuitwa, nikawaambia aliyetambua ugonjwa ameketi nje na mjukuu wake, amekuja kliniki.

Wakamwingiza. Daktari mkuu, mwenye mvi kichwa kizima, akamuuliza alijuaje. Susu Mbula alifungua leso yake, akawapa mgongo madaktari ishirini na tatu, akajigonga nyuma ya bega la kulia. Wengine walisimama ili waone vizuri. Mmoja aliandika.

Halafu akageuka, akanitafuta kwa macho. "Ni wewe uligeuza?"

"Ni mimi, susu."

"Basi sikiza. Mungu akiumba huyu mtoto hakukosea. Mimi nikimbeba sikukosea. Ni wewe tu."

Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Sijawahi kujivunia kazi yangu kama siku ile.