Vumbi la Mughwai

Vumbi la kijijini Mungaa halina adabu. Halibishi hodi, halingoji kukaribishwa. Asubuhi jua likichungulia mlangoni mwa tembe, lenyewe limeshaingia zamani, linacheza ngoma ndani ya ule mwanga, linapanda, linashuka, linazunguka. Na ukilitazama sana litakuingia jicho.

Luciana hulifagia. Hufagia uani, hufagia jikoni, hufagia hata njia ya mbuzi, na mbuzi wenyewe humshangaa. Lakini ipo kona moja, hapo nyuma ya mlango, ambayo ufagio wake haujaigusa tangu Mughwai, mumewe, achukuliwe na Keya, jeshi la Mwingereza, kwenda vitani Bama, ng'ambo ya bahari.

Si uvivu, jamani. Ni mwiko. Msafiri akitoka, hafagiliwi nyayo mpaka afike aendako. Ukizifagia nyayo umemfagia na mwenyewe. Na nyayo za mwisho za Mughwai ziko kona ile, hapo alipoinama kuchukua fimbo yake.

Sasa, mtu wa kwenda Singida mjini atafika jioni. Mtu wa kwenda Kiomboi atafika kesho au keshokutwa. Mtu aliyekwenda vitani, je, anafika lini? Luciana alimuuliza jumbe, jumbe akakohoa. Alimuuliza katekista, katekista akafungua kitabu, akakifunga. Basi akaona heri kukaa na vumbi kuliko kukaa bila mume.

Na kona isiyofagiwa haijui kukataa mgeni. Kila kisicho na kwao huhamia huko. Kibuyu kilichotoboka, kikaenda. Jembe lililovunjika mpini, likaenda. Debe lisilo na kitako, ungo ulioliwa na panya, kinu kilichopasuka, vyote vikaenda, vikakaa, vumbi likavifunika shuka moja. Mwishowe kuku mweusi akaona pale ndipo penye amani, akaatamia, akaangua. Luciana alicheka peke yake: haya, baba, watoto hao, wape majina! Kisha kicheko kikamkauka, maana nyumba ya pili matanga ya askari wao yalishakaliwa.

Vumbi la Mungaa halina adabu, lakini habari njema nazo hazina. Leo Cecilia huyo! Dada yake Mughwai, mbio, kaniki mkononi, pumzi juu juu.

"Wifi! Wifi! Lori la askari limeteremsha watu dukani kwa Idrissa! Wanasema kaka yumo!"

"Umemwona?"

"Nimeona vumbi tu. Lakini wanasema!"

Furaha ilimpanda Luciana kutoka kwenye magoti, na hofu ikaja nyuma yake inamkimbiza. Alitaka kuimba, alitaka kukaa chini, alitaka kuteka maji, akajikuta ameshika mwiko wa ugali na wala hakukuwa na ugali. Cecilia yeye alikwisha kuunyakua ufagio.

"Mume anarudi akute jaa? Nipishe nifagie!"

"Weka chini, wifi."

"Vita vimekwisha!"

"Vita vimekwisha, yeye hajafika."

"Alifika huko zamani, sasa anarudi! Hii ni safari nyingine!"

Luciana akalipima neno hilo, akaliona lina akili. Lakini akili haijapata kumrudishia mtu mume. Aliupokonya ufagio, akaukalia.

Wakangoja. Njiani vumbi likainuka, likaja, likakua. Luciana alilitazama kama hajapata kuona vumbi maishani mwake. Ndani yake kukatokea kofia, kisha mabega, kisha buti mbili zilizochoka. Kisha likapasuka, na aliyetoka ni Mughwai, amekonda, mweupe kwa vumbi mpaka kope.

"Hodi wenyewe!" akaita, na papo hapo, kwa zile adabu za jeshini, akainama kufuta buti zake mlangoni.

Kapu zima la maneno mazuri Luciana alikuwa amemwekea, yote yakamwagika. "Usifute!" alipiga kelele. "Ingia nazo!"

Akaingia nazo. Akaiona kona.

"Mke wangu, na hii ni nini?"

"Ni wewe."

Mughwai akachutama. Kati ya debe na kuku ilichungulia alama ya kidole gumba, ya mguu pekupeku, ya mtu aliyeondoka. Akaweka buti yake kando ya alama hiyo. Kisha akasema vumbi limemwingia jicho, na safari hii vumbi lilisingiziwa.

Akanyoosha mkono, akaomba ufagio.

"Mwanamume na ufagio!" Cecilia akashika kichwa.

"Keya tulifagia kila asubuhi, dada. Na sajini amesimama."

Alifagia kijeshi, kwa nguvu, bila maarifa. Kuku akaruka na wanawe, kibuyu kikabingirika, vumbi la vita vizima likainuka mpaka darini. Wakapiga chafya wote watatu, wakacheka, wakapiga chafya tena. Halafu Mughwai akatoka kwenda kuwasalimu ng'ombe wake.

Ndani, vumbi likashuka polepole katika ule mwanga wa mlangoni, halichezi tena, linatafuta mahali pa kukaa. Likatua juu ya nyayo mpya za buti. Cecilia akauokota ufagio amalizie kazi.

"Acha kwanza, wifi," alisema Luciana.

"Lakini kaenda zizini tu! Si pale?"

"Napaona. Afike kwanza."