Dawa Sita za Shemeji Jubek

Kompyuta ya Teresina ilipougua, tuligundua kwamba Munuki, mtaa wetu wa Juba, ina madaktari wengi kuliko hospitali. Jirani wa kushoto alishauri izimwe ipumzike. Wa kulia alishauri ipanguswe vumbi. Wote wawili hawakuwahi kugusa kompyuta maishani, jambo ambalo halikuwapunguzia uhakika hata kidogo.

Ndani yake mlikuwa na nyimbo mia moja na kumi na mbili za Kibari, ambazo Teresina alizikusanya kwa mabibi wa parokia na kuzichapa kwa miaka miwili. Kitabu cha nyimbo hizo kilitakiwa kiwahi Pasaka. Mchapishaji wa Kampala alikuwa ameshairudisha flashi ya kwanza na ujumbe mfupi: imejaa virusi, leteni safi. Lori la Fulgensio lilikuwa linaondoka kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, siku hiyo saa nane mchana, na baada ya hilo, labda Pasaka ya mwaka mwingine.

Mimi rafiki yake nilikuja na sidii moja. Ilikuwa na programu ya bure ya kuua virusi, niliyoipakua ofisini kutoka kwa wenyewe walioitengeneza. Ilichukua saa tano, maana intaneti yetu ya mwaka 2009 ilikuwa na adabu, haikukimbia mbele za watu. Niliichoma kwenye sidii kwa kuwa sidii ikishachomwa haiambukizwi njiani. Hilo sikulisoma popote. Nililijua siku flashi ya mwenzangu ilipomeza ripoti yangu ya mwaka mzima, na bosi akanimeza mimi.

"Anyieth, ngoja kidogo," Teresina akaninong'oneza. "Shemeji anakuja na yake."

Shemeji ni Jubek, kaka mkubwa wa mumewe, sajini wa kambi ya jeshi ya Bilpam, aliyekulia Uganda. Msaada wa shemeji mkubwa haukataliwi. Ukiukataa umeukataa ukoo, na ukoo utakaa kikao uje ueleze. Basi sidii yangu ikabaki mkobani, nami nikapewa chai.

Jubek akaingia, flashi inaning'inia shingoni pamoja na kitambulisho.

"Mimi iko na dawa sita," akasema. "Zote ya bure."

"Afande, mgonjwa mmoja anamezaje dawa sita?"

"Wewe umekulia Kenya, unaogopa sana. Adui moja, bunduki sita. Khalas, imeisha."

"Na hiyo flashi imepitia wapi?"

"Imezunguka kambi yote. Kila mtu ameongeza yake."

Nikafarijika sana kusikia hivyo.

Akaweka programu ya kwanza. Akaweka ya pili juu yake. Zilipoonana, kila moja ikadhani nyingine ni mwizi, zikakamatana, na kompyuta ikaganda. Kuizima, kuiwasha na kuzing'oa zote mbili kulikula saa nzima. Ya tatu ndiyo iliyompendeza. Kabla haijafungua faili hata moja, ilitangaza virusi elfu moja mia tatu, ikajaza kioo rangi nyekundu, kisha ikaomba namba ya kadi ya benki ili ianze matibabu.

"Unaona? Hii inafanya kazi," akasema Jubek.

"Inafanya kazi ya wizi, afande. Haijatazama chochote bado."

"Nani iko na kadi ya benki?"

Tukatazamana. Hakuna. Sisi wote tulilipwa mshahara mkononi, noti juu ya noti. Nilimhurumia tapeli yule, kasafiri kutoka ng'ambo kuja kuibia mtaa usio na kadi.

Zile tatu za mwisho zilikataa hata kufunguka. Saa sita na nusu Jubek akapangusa jasho.

"Malesh, haidhuru. Lete hiyo yako," akaniambia, kama vile ninachelewesha watu.

Sidii yangu haikutangaza kitu. Ilipekua kimya, ikakuta kila wimbo umeambukizwa, ikauliza swali moja: isafishe, au ifute? Kusafisha kungechukua dakika hamsini. Kufuta, dakika moja. Nje, jenereta lilikuwa limeanza kukohoa, petroli inakwisha.

"Futa," akasema Jubek, mkono kwenye kipanya. "Adui hasafishwi."

"Shemeji, ndani mna nyimbo."

"Utaandika ingine."

Teresina akaweka kikombe chini. Akaushika mkono wa shemeji yake na kuubandua kwenye kipanya, kidole baada ya kidole.

"Shemeji, toka kwenye kiti."

Mimi nikaichunguza chai yangu kwa makini sana.

"Na pikipiki yako ina petroli," akaendelea, sauti ileile. "Mpira wa kunyonyea uko nyuma ya mlango."

Jubek akamtazama usoni, akanyanyuka. Nadhani Bilpam hawajafundishwa la kufanya hapo. Akatoka mwenyewe. Tukamsikia akinyonya mpira, akitema, akitukana kwa Kiarabu cha Juba, kisha jenereta likanguruma vizuri.

Saa saba na nusu, nyimbo mia moja na tisa zilikuwa safi. Tatu zilikuwa zimeharibika kabisa, haziponi. Teresina akafungua ukurasa mweupe na kuanza kuzichapa upya kwa kichwa. Kwenye ya pili akakwama.

"Ubeti huo unaanza na mto," Jubek akasema kutoka mlangoni, akinuka petroli.

"Unaukumbuka wote?"

"Mama alituimbia kila siku kule Uganda, Adjumani."

"Basi imba. Polepole, nachapa."

Akaimba. Sauti yake ilistahili kufutwa, lakini maneno yalikuwa sahihi. Nikatayarisha sidii tupu. Fulgensio alipopiga honi barabarani, Jubek alitoa kichwa dirishani akamwambia azime injini, kisha akarudi kwenye ubeti wa tatu.