Saumu ya Jumatatu na Alhamisi

Sikuanza kwa nia mbaya. Ofisi yetu ya kupima viwanja hapa Bagamoyo ilikuwa haijatulipa mshahara wa miezi miwili, na nikishawaachia watoto pesa ya uji, mfukoni hubaki ya vipande viwili vya muhogo wa kukaanga. Muhogo kila mchana, mbele ya mwenzangu Methodius anayekula ugali na samaki huku akinitazama kwa huruma! Huruma ya aliyeshiba siiwezi. Jumatatu moja nikasema nimefunga sunna.

Heshima ikaja mbio. Methodius akasogeza sahani yake mbali, ofisi nzima ikaanza kuniita Ustadhi. Kumbe saa saba nilikuwa nyuma ya tangi la maji, natafuna muhogo wangu kwa siri. Biubwa, mama lishe wetu, akanifuata mlangoni.

"Kaka Sufiani, dua ya aliyefunga hairudi. Ukifuturu mkumbuke mwanangu Maulida. Homa hazijamwacha."

"Inshallah, dada."

Nikaahidi hivyo kila Jumatatu na kila Alhamisi. Jioni niliona haya hata kuinua mikono kuomba.

Mwaka huu Idi ya kuchinja ikawa Jumatano. Kesho yake Biubwa akaja na sufuria la pilau ya nyama, sadaka kwa ofisi nzima. Mate yakanijaa kinywani.

"Pole, Ustadhi," Methodius akatania. "Leo si Alhamisi?"

Kiburi kikanijibia. "Ndiyo. Nimefunga."

Biubwa akaacha kupakua.

"Jana Idi, leo umefunga? Hizi siku za tashriki, Sufiani. Kufunga ni haramu. Hata watoto wa chuoni wanajua."

Nami nimelelewa na babu aliyesomesha chuo cha Kurani. Njia ya mwongo fupi. Niliinamisha kichwa.

"Na zile siku nyingine?"

Methodius alianza kucheka, akamwona Biubwa usoni, akaacha.

"Basi Maulida wangu ulikuwa ukimwombea kwa saumu gani?"

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akanijazia sahani, akanichagulia mnofu mkubwa kuliko wa wote, akaniwekea mapajani, kisha akajitwika sufuria lake akaondoka.

Nilitaka kuiacha ile sahani. Wallahi nilitaka. Lakini njaa ilikuwa ya kweli hata kama saumu haikuwa, nikala huku nalia, mpaka nikakwangua sahani.