Pafu la Bibi Harusi

Mwaka sabini na sita nilitoka Ikola na kikohozi, nikaenda kupiga picha ya kifua Mpanda. Nikakuta benchi la eksirei limejaa watu wa harusi. Pelagia wa Usevya alikuwa anaolewa Jumamosi, akakohoa mbele ya mama mkwe, Eufrazia. Basi Eufrazia akasema: apimwe kwanza, akikutwa na TB hakuna harusi.

Daktari Lyamba alikuwa ameletewa utaratibu mpya. Kila picha isomwe kwa mpangilio uleule, hakuna kuruka, na mwisho aseme neno moja tu: safi, kovu, TB au irudiwe. Alisoma kwa sauti, nesi akiandika, dirisha wazi. Sisi benchini tunasikiliza kama redio.

"Mifupa mizima. Moyo wa kawaida."

Marsela, shangazi wa bibi harusi, akapiga kigelegele.

"Ngoja afike kwenye mapafu, shangazi," akasema Gaspar, bwana harusi. Jasho linamtoka.

"Pafu la kushoto safi. La kulia, juu, pana kivuli."

Eufrazia akasimama, akajifunga khanga. "Si niliwaambia nyie? Twendeni nyumbani."

"Kaa, mama, sijamaliza!" daktari akafoka. "Kivuli lazima nikifuate mpaka kinapoishia. Kinapanda... kinatoka nje ya pafu... kinaingia shingoni. Pafu gani linafika shingoni? Irudiwe!" Akatoa kichwa dirishani. "Bibi harusi, chini ya kitambaa una nini?"

Nywele! Marsela alikuwa amemsuka kwa uzi, misuko minene, akaapa hakuna wa kuiona kabla ya kanisani. Mmoja ulikuwa umeteremka begani.

"Zifumuliwe," akasema nesi.

"Fumua wewe!" akasema Marsela. "Mimi vidole bado vimevimba kwa kusuka."

Wakabishana mpaka nesi akachoka, akaleta bandeji. Nywele zikafungwa utosini, kitambaa juu yake. Pelagia akatoka pale mrefu kuliko bwana harusi, naye Gaspar akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Picha ya pili iliposomwa, benchi tulishajua kuitikia kama misani.

"Mifupa."

"Mizima!"

"Moyo."

"Wa kawaida!"

"Pafu la kushoto safi. La kulia, juu..."

Hata mimi nilibana kikohozi mpaka machozi.

"Safi."

Mama yangu! Mabibi walicheza mpaka benchi likaanguka. Eufrazia ndiye aliyewahi kumkumbatia Pelagia, analia, anacheka, anamwita mwanangu.

Marsela akashika kiuno. "Haya. Sasa zamu ya mwanenu."

"Mimi sikohoi, shangazi!" Gaspar akarudi nyuma.

"Vua shati! Daktari, msome huyu naye, tena polepole. Kichwa kimenyolewa, hana nywele za kusingizia."

Tukainua benchi, tukakaa kumsikiliza.