Sponji ya Mulama

Zilpa alikuwa fundi wa magodoro pale Malaba, nyuma ya soko, na kwa miaka kumi na sita hakujua kujaza godoro kitu kingine ila pamba. Wakulima wa Teso walimletea ikiwa na mbegu zake. Aliichambua kwa vidole, akaipiga fimbo mpaka ikafura, kisha akaishindilia ndani ya kitambaa cha marekani na kukishona kwa sindano ndefu kama kiganja. Likilaliwa sana godoro lake lilifanya mabonde, lakini mwenyewe alilifumua, akaipiga pamba upya, na watu wakalala. Ila kufikia mwaka wa tisini na tano hakuna aliyetaka pamba tena. Kila mtu alitaka sponji.

Ndiyo maana Mulama, dalali wa mizigo ya malori, aliposimamisha mkokoteni mbele ya kibanda chake asubuhi moja ya Machi, umejaa vipande vya sponji vya manjano hadi juu, Zilpa hakumhoji sana.

"Imetoka wapi hii?"

"Lori liliharibika kwa foleni ya mpaka, mzigo ukaloa. Wenyewe wameutupa. Wewe anika tu, mama."

Sponji ilikuwa na harufu. Si ya uvundo. Ilikuwa kali, tamutamu, ya kukaa nyuma ya ulimi. Zilpa alijua ameinusa mahali zamani, akajaribu kukumbuka, akashindwa. Alichukua sehemu ndogo tu ya ule mzigo, Mulama akaondoka na iliyobaki kuwauzia wengine. Aliianika juani siku tatu. Siku ya nne aliinusa tena, akajiambia imeisha. Akashona magodoro mawili. La kwanza alimuuzia Amoit, mjane wa kijiji cha Angurai aliyekuwa akilea wajukuu wawili. La pili alilitandika kwenye kitanda cha binti yake Vivianne, aliyekuwa amerudi nyumbani kujifungua.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakampa jina la nyanya yake mzaa baba, Leonida. Kisha mvua za Aprili zikaanza. Milango ikawa inafungwa mchana kutwa, mama na mtoto wakashinda kitandani wakikwepa baridi. Vivianne akaanza kulalamika kichwa kinamgonga na macho yanamtoka machozi. Zilpa alisema ni uchovu wa uzazi, akampikia uji wa wimbi. Lakini mtoto naye akaanza kutoka mate. Yalimtiririka mpaka shingoni, na kifua kikawa kinakoroma kama chungu kinachochemka.

"Meno hayo yanatafuta njia," jirani alisema.

Meno gani ya wiki tatu? Zilpa alijiuliza. Aliona pia kwamba mtoto akibebwa nje barazani alipata nafuu, na akirudishwa ndani alizidiwa. Aliliona hilo siku mbili nzima na hakulisema, maana moyo wake ulikuwa umeanza kuelekea mahali asikotaka ufike.

Asubuhi ya tatu Leonida alikataa titi. Alilegea, na vinyama vya mashavu vikawa vinarukaruka vyenyewe. Walimfunga shali iliyokuwa imetandikwa juu ya godoro na kukimbia naye hospitali ya Kocholia.

Daktari, kijana mpole wa sauti ya chini, alimmulika mtoto machoni. Mboni zilikuwa zimesinyaa, kila moja kama tundu la sindano. Aliinama, akanusa ile shali, akainua uso haraka.

"Mmepiga dawa gani nyumbani? Hii ni dawa ya kunyunyizia pamba."

Hapo Zilpa akakumbuka. Shamba la marehemu mume wake, bomba la dawa mgongoni, shati lake limeloa, na jinsi alivyokuwa akitapika jioni baada ya kupiga dawa. Harufu ndiyo hiyo hiyo. Mzigo ule ulikuwa umeloa, kweli, lakini si kwa maji.

Wanawake waliokuwa kwenye benchi walikuwa wamenyamaza wakisikiliza. Zilpa aliwaona. Nusu yao walikuwa wateja wake wa soko. Aliwaza neno litakalomfuata kutoka pale hadi Malaba: Zilpa wa magodoro anauza sumu. Aliwahi kuona watu wakimkusanyikia mtu kwa mambo madogo kuliko hayo.

"Tulipiga dawa ya kunguni," alisema.

"Dawa ya shambani, kwa kitanda cha mtoto?" Daktari alitikisa kichwa, tayari anaita muuguzi. "Hii kitu inaingia kwa ngozi. Joto la mwili linaiamsha. Mkimrudisha kwa hicho kitanda, mtampoteza."

Vivianne alimtazama mama yake. Nyumbani mwao hakukuwa na kunguni. Kisha akageuka kumvua mtoto nguo ili aoshwe na kudungwa sindano.

Zilpa alisimama pale mikono imemning'inia. Ndipo neno moja likampiga kama jiwe: Angurai. Wajukuu wa Amoit wamelala juu ya sponji ile ile wiki sita sasa.

"Narudi," alisema, akatoka mbio bila kungoja jibu.

Alipata boda boda ya baiskeli getini. Njia ilikuwa tope tupu. Mara mbili walishuka wakaisukuma baiskeli, na Zilpa akamhimiza mwendeshaji mpaka yule bwana akamuuliza, "Mama, ni matanga?" Alijibu, "Bado," na jibu lenyewe likamtisha.

Walifika jua limepinda kidogo. Amoit alikuwa barazani akipepeta wimbi.

"Yoga, mama," Zilpa alimsalimu kwa Kiteso, pumzi haimtoshi. "Nimekuja kuchukua godoro."

"Godoro langu?"

"Lina kasoro. Nitakupa lingine. Hata mawili."

Amoit aliweka ungo chini. "Umepata mtu wa kukupa zaidi. Hapana. Wajukuu wangu wamelalia mkeka wa mafunjo tangu wazazi wao wafe. Sasa wamelala kama watoto wa mwalimu, wewe unakuja kulitandua? Rudi kwenu."

"Mama, nisikilize. Watoto wako wapi?"

"Mkubwa ameenda kisimani. Mdogo amelala. Siku hizi ni kulala tu, amekuwa mvivu."

Zilpa alichungulia mlangoni. Aliona wazi kwamba kasoro haitamtoa Amoit barazani, wala uongo mwingine wowote.

"Hilo godoro lina sumu," alisema. "Sponji iliingiwa na dawa ya pamba. Nilisikia harufu na nikashona hivyo hivyo. Mjukuu wangu mwenyewe yuko Kocholia sasa hivi, sijui kama nitamkuta hai. Nipige baadaye. Kwanza tumtoe mtoto."

Amoit hakumpiga. Alikimbilia ndani, akatoka amembeba mvulana wa miaka minne ambaye kichwa kilimlalia begani na mate yamemlowesha shingo. Walimvua nguo papo hapo, wakamsugua kwa sabuni, maji yakiwa baridi, na mtoto akalia kidogo. Kilio hicho kilikuwa kitu kizuri zaidi alichosikia Zilpa siku hiyo. Amoit alipanda nyuma ya baiskeli na mjukuu kifuani, boda boda akageuza kuelekea Kocholia.

Zilpa alibaki. Yule msichana mkubwa aliporudi na maji, alimwosha naye, akamkagua macho, akamwuliza kama kichwa kinauma. Kinauma kidogo, msichana alisema, asubuhi tu. Zilpa alijifunga mifuko ya plastiki mikononi, akaliburuta godoro mpaka pembe ya shamba, mbali na kisima. Aliogopa kulichoma, maana moshi nao ungeenda wapi? Alichimba shimo la kufika kiunoni, akalifukia, akafukia na blanketi.

Msichana angelalia nini sasa? Juu ya dari kulikuwa na magunia mawili ya pamba ambayo hayakuwahi kupelekwa kiwandani.

"Hii ilipigwa dawa?" Zilpa aliuliza, mkono umesita kwenye gunia.

"Ni ya mwaka juzi. Nyanya alisema dawa hakupata, ndiyo maana funza waliila."

Hata hivyo aliinusa, akainusa tena. Ilinuka vumbi na panya tu. Alikaa kuichambua, mbegu huku, pamba huku, na kila baiskeli iliyolia njiani ilimfanya ainuke.

Amoit alirudi kesho yake asubuhi, mtoto akitembea kwa miguu yake. Alikuta gunia limekwisha kuchambuliwa na Zilpa anashona.

"Daktari amesema tulimwahi," alisema. "Nimemwambia ni godoro, si kunguni. Nimemtajia jina lako."

"Umefanya vizuri," Zilpa alisema, akaichomeka sindano kitambaani. "Na mtoto wetu?"

"Ananyonya."

Zilpa alifunika uso kwa kitambaa cha marekani akalia.

Bwana afya alikuja Malaba wiki hiyo akachukua vipande vilivyobaki kibandani pamoja na godoro la Vivianne. Mulama hakuonekana, wengine walisema amevuka mpaka kwenda Tororo. Kwenye baraza ya chifu Zilpa alisimama mbele ya watu, akasema alichofanya, akaomba kila aliyenunua sponji ya manjano aitoe nyumbani. Mmoja alimtukana, wengi walicheka. Walioleta walikuwa watu watatu. Mkokoteni wa Mulama siku ile ulikuwa umejaa hadi juu.

Vivianne alipotolewa hospitali hakurudi kwa mama yake. Alikwenda kwa shangazi yake aliyeishi Bukhayo. Zilpa alimfuata huko na kigodoro kipya cha pamba begani. Vivianne alikipokea, akakibonyeza kila pembe, akakifungua mshono mmoja kutazama ndani.

"Mbona ulisema kunguni?"

"Niliogopa watu."

"Watu," Vivianne alisema. Aliketi, mtoto amelala mapajani mwake. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, Zilpa akakaa kando yake, na wote wawili wakawa wanakitazama kifua cha Leonida kikipanda na kushuka.