Dirisha la Mkono wa Kulia

Bi Mwanakhamis wa Shumba Viamboni alikuwa amekwenda Wete mara nyingi, lakini mji ule aliujua kwa maiti zake. Nyumba hii alimwosha fulani, ile alikaa na mgonjwa mpaka akakata roho, na kichochoro cha nyuma ya soko alikipita mbio sijui mara ngapi, sanda kwapani. Kwa miaka ishirini na mitano yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike upande ule wote wa kaskazini, na mwosha maiti haitwi mahali kwenda kutazama maua. Kwa hiyo mwaka ule karafuu zilipozaa mpaka matawi yakainama, mumewe Jaribu akamwuliza anataka nini, doti ya kanga au bangili, alijibu bila kupepesa macho.

"Nataka kupanda gari la moshi. Nende nikatazame tu, nisifuate ntu aliyekufa."

Jaribu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaona mwenzake hacheki, akaacha.

Jaribu alikuwa mtu wa Bonde, huko ng'ambo upande wa Tanga. Alivuka kuja Pemba ujanani kuchuma karafuu, akamwona Mwanakhamis, habari ya kurudi kwao ikaishia hapo. Kabla ya kuvuka aliwahi kufanya kazi ya kubeba mataruma ya reli, na stesheni za njia ile alizijua kama watoto wanavyojua Alhamdu. Basi kila alasiri walitandika mkeka ukumbini, akapanga karafuu kavu mojamoja: hii Tanga, hii Muheza, Korogwe, Mombo, Same, mpaka Moshi kwenye mlima wenye theluji kichwani. Hawakuwa na haraka. Muheza wangekaa siku mbili wale machungwa. Korogwe wangefikia kwa dada yake Jaribu, wiki nzima, Mwanakhamis auone mto mkubwa, maana mito ya kwao unaivuka kwa kupandisha kanga tu.

"Na ukae mkono wa kulia," Jaribu alimwambia. "Milima yote iko kulia. Kushoto ni mkonge, ukiisha mkonge, mkonge tena."

"Basi dirisha la kulia langu, mume wangu. Hata weye sikupi."

Kilichobaki ni kuaga, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Shumba mtu hasafiri kimyakimya. Asipopita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, atasemwa mpaka na wajukuu wa waliosema. Lakini ukiaga, utaagizwa, na mtu kama Mwanakhamis angeagizwa nini kingine?

Alianza Jumatatu. Bi Mwanapili alimshika mikono miwili kwa furaha. "Mungu kakuleta! Shemeji yangu kafiliwa Muheza. Nipelekee nkono wa tanzia, shoga." Mzee Mjaka alikuwa na mpwa aliyefiwa na mke Korogwe. Mwingine alikuwa na shangazi taabani huko Same, akamtaka akakae naye japo siku tatu, "maana weye ndo mwenye kuyajua mambo haya." Kila agizo Jaribu aliliwekea kijiwe kwenye karafuu yake, na kufikia Jumatano jioni vijiwe vilikuwa vimezifunika karafuu. Mombo peke yake ndiyo iliyobaki wazi.

Mwanakhamis aliutazama mkeka, roho ikamuuma kweli. Alitaka kitu kimoja tu maishani mwake, nacho kilikuwa kinageuka mbele ya macho yake.

"Hii si safari," alisema. "Haya ni matanga yaliyotiwa magurudumu. Bora tusende."

Tena kulikuwa na nyumba moja hajaiaga. Bi Mwanawema alikuwa na mwana mmoja, Vuai, aliyekwenda kukata mkonge Mombo, homa ikamchukua, akazikwa hukohuko. Miaka tisa sasa. Mwanakhamis mwenyewe ndiye aliyekaa na mama yake matanga yale yasiyokuwa na maiti. Alijua agizo la nyumba ile litakuwa kaburi, na kaburi hilo hangeweza kulikataa. Basi siku mbili nzima, mwanamke mzima na mvi zake, akawa anapita njia ya nyuma ili asionekane.

Ijumaa baada ya sala Bi Mwanawema akapiga hodi mwenyewe, kikapu cha visheti mkononi.

"Umeaga mji nzima, Bi Mwanakhamis, miye ukaniruka."

Mwanakhamis aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. "Nisamehe, shoga. Niliogopa."

"Uliogopa n'takutuma kaburini."

"Ndiyo."

Mwanawema akaketi kwenye ukingo wa mkeka. Kutoka kwenye pindo la kanga alifungua barua iliyokunjwa mpaka imechanika mikunjoni. Hakujua kuisoma, lakini aliijua yote. "Alinipelekea alipofika tu. Asema gari lilipoingia Mombo, mlima umesimama pale pale karibu na stesheni, ukitaka kuona juu lazima utoe kichwa dirishani. Akatoa kichwa, kofia ikaanguka. Akacheka peke yake, watu wote wakamgeukia." Akaikunja tena barua. "Miaka tisa watu waniletea kufa kwake. Siku ile ya kicheko hapana aliyeniletea. Weye kaburini usende, makaburi ushaona ya kutosha. Toa kichwa tu dirishani, utazame. Ukirudi unambie ule mlima ukoje."

Mwanakhamis alilia. Mikono yake ilikuwa imefunga macho ya watu wengi, na wala hakukumbuka mtu aliyewahi kumwambia nenda ukatazame.

Alipojifuta, aliinama juu ya mkeka, akakumba vijiwe vyote na kuvihamishia upande wa pili.

"Hivi vya kurudi," alimwambia mumewe. "Reli ni ile ile, au sivyo? Kwenda twatazama. Kurudi tutatoa mikono, tutakaa na wagonjwa, tutafanya yote. Asiyeweza kungoja, Mwalimu Msellem wa skuli yupo, amwandikie barua."

"Na Mombo?" Jaribu aliuliza.

"Mombo tutashuka siku tatu. Mlima huo sitaki kuuona mbio mbio." Kisha akamgeukia Mwanawema. "Na miye siwezi kukuletea mlima mdomoni, shoga. Kafunge nguo zako. Utatoa kichwa mwenyewe."

Mwanawema alimtazama kama aliyeambiwa atakwenda mwezini. "Miye? Na kaburi je?"

"Kaburi utalizuru ukishacheka."

Bibi yule akaiokota karafuu ya Mombo, akainusa, akairudisha mahali pake taratibu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo, "Huo mlima wenyewe uko upande gani wa gari?"

Jaribu akamtazama mkewe.

"Kulia," Mwanakhamis alisema. "Dirisha la kulia utakaa weye."

"Mpaka Moshi?"

"Mpaka Mombo! Baada ya hapo tutaligombania."