Mashimo Matatu ya Mzee Tang

Siku ambayo Tang Shuyun alikubali kuonana tena na mdogo wake Guoliang, yeye alikuja na sepetu na Guoliang alikuja na sululu. Wakakutana langoni kwa wazazi wao, wakatazamana kama majogoo wawili kwenye jaa moja, kisha kila mmoja akamwamkia mama yao na kumpita mwenzake kama nguzo.

Nyumba ilikuwa inabomolewa wiki ile. Mtaa wao wote wa kando ya mto, katika mji mdogo wa Sichuan, ulishapigwa alama nyekundu ukutani ili yajengwe maghorofa, na majirani wengi walikwisha kuhama na kuku wao. Mama Peng alikuwa bado ameketi uani kwenye kiti cha mwanzi, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwa ustadi wa mtu aliyeanza kazi hiyo kabla ya kuota meno.

"Mmekuja kunihamisha au kunizika?" akauliza, akiziangalia zana zao.

"Tumekuja kukusaidia kufunga mizigo, Mama," akasema Shuyun.

"Kwa sepetu?"

 Shuyun alielekea moja kwa moja kwenye mkomamanga uliokuwa pembeni ya ua, akakunja mikono ya shati, akaanza kuchimba. Guoliang, licha ya kitambi chake na viatu vyake vya ofisini, alishaingia kwenye lililokuwa banda la nguruwe.

Chanzo cha yote haya kilikuwa marehemu baba yao, Mzee Tang, fundi wa miavuli. Wakati Mapinduzi ya Utamaduni yamepamba moto, Shuyun akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, siku moja ya mvua watoto walisikia kishindo chumbani kwa wazazi. Mlango ukafungwa kutwa nzima. Baba alipotoka, kucha zake zilikuwa zimejaa udongo. Akamwita Shuyun kando, akamnong'oneza: "Nimefukia bangili za fedha za bibi yako chini ya mkomamanga. Usimwambie mtu, hata mdogo wako."

Shuyun alikaa na siri hiyo mpaka nywele zikaanza kumwota mvi. Baada ya mazishi ya baba ndipo alipomwambia Guoliang wakazitoe. Guoliang akamkodolea macho. "Bangili gani? Baba alifukia saa ya dhahabu ya babu, bandani kwa nguruwe. Aliniambia mwenyewe." Shuyun akaona mdogo wake anataka kumzunguka. Guoliang naye akaona dada amekwisha kuila saa na sasa anatunga hadithi. Miaka minane ikapita hawasemezani. Kwenye sikukuu za mwaka mpya walikuja kwa mama kwa zamu, kama walinzi wa ghala.

Sasa Shuyun alichimba mpaka mizizi ikatokeza. Akapata mfupa mmoja wa mwavuli na kigae cha bakuli.

"Umezipata, Dada?" Guoliang akauliza kutoka bandani. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake baada ya miaka minane, na alilitia pilipili.

"Na wewe, saa inasema saa ngapi huko?"

"Chimbeni, chimbeni," akasema Mama Peng, akitema ganda. "Udongo wenyewe si wangu tena."

Kitindamimba wao, Xiaoman, akaingia na pikipiki yake ya umeme, mkononi kabeba bakuli za tambi za pilipili. Akaangalia mashimo mawili, akaangalia ndugu zake waliotapakaa matope, akashika kiuno.

"Ninyi watu wazima mnafanya nini? Mbona hamkuningoja nami nichimbe langu?"

"Lako lipi?" Shuyun akauliza.

"Yai la joka. Baba aliniambia amelifukia chini ya meko, nisimwambie mtu, likisikia kelele halitaanguliwa." Xiaoman akacheka. "Nilikuwa na miaka sita. Nililiamini mpaka naolewa."

Shuyun akasimama, sepetu mkononi. Watoto watatu, mahali patatu, na kila mmoja kaapishwa asimwambie mwenzake. Akamgeukia mama yake. Ajuza yule alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na Shuyun kwanza akadhani analia.

"Mama, unacheka nini?"

"Mmechoka?" Mama Peng akajifuta machozi. "Basi njooni mnisogezee kitanda."

Wakakisogeza. Akawaonyesha matofali ya sakafu yaliyokuwa chini yake, Guoliang akayang'oa kwa sululu. Hapakuwa na haja ya kuchimba sana. Kilitoka kifurushi cha turubai la mwavuli, kimefungwa kamba mara nyingi. Shuyun akakifungua. Ndani mlikuwa na sanamu ya plasta, kichwa na mabega, ila kichwa kimeachana na mabega na pua haipo.

Guoliang, aliyekuwa mkuu wa idara na mwanachama wa Chama, alivua kofia kabla hajajua anachofanya.

"Mwenyekiti!" akasema kwa sauti ndogo, maana ndiye kiongozi wa nchi ambaye enzi zile kila nyumba ilikuwa na sanamu yake.

"Ndiye," akasema mama yake. "Nilimrushia baba yenu kiatu. Alikuwa amebadilisha kuponi yetu ya nyama kwa tumbaku, nyama ya mwezi mzima! Nikavua kiatu, nikarusha. Baba yenu aliinama. Mwenyekiti hakuinama."

Xiaoman akajiziba mdomo. Kicheko kikampita vidoleni.

"Cheka tu. Siku ile hatukucheka. Mnamkumbuka mwalimu Fan, wa nyumba ya tatu? Alifungia samaki kwenye gazeti lenye picha ya Mwenyekiti. Gazeti tu! Wakampeleka kambini, na hakurudi. Mimi nilikuwa nimemkata kichwa." Ajuza akapapasa kingo za kitanda, akakaa. "Kesho yake baba yenu alitembea mpaka mji wa pili kutafuta mwingine anayefanana naye. Na huthubutu kusema umekuja kumnunua, ilibidi useme umekuja kumkaribisha nyumbani. Alimkaribisha, akamleta kifuani kama mtoto mchanga, mvua inanyesha."

"Lakini sisi, Mama," akasema Shuyun. "Kwa nini atudanganye?"

"Mlisikia kishindo. Mliona kucha zake. Mtoto huwezi kumshona mdomo, na shuleni walikuwa wanawauliza kila siku, baba anasema nini, mama anaficha nini. Akaona bora kila mmoja awe na uongo wake. Anayesema, watu watachimba pale na hawatakuta kitu."

 Guoliang ndiye aliyesema. Alikuwa na miaka tisa, mwalimu alimsifu mbele ya darasa, na kesho yake vijana wa Walinzi Wekundu, waliokuwa wakisaka vitu vya zamani nyumba kwa nyumba, wakaja na majembe bandani. Walizama kwenye kinyesi hadi magotini, nguruwe jike akamng'ata mmoja wao paja. Baba alisimama kainamisha kichwa, akasema, "Mtoto huyu huota mchana, ndugu zangu." Wakamzaba kofi mbele ya mtaa mzima, wakaondoka wananuka. Miaka yote Guoliang alishikilia kwamba saa ilikuwepo, ila wale vijana waliogopa kinyesi, hawakuchimba vya kutosha.

"Lile kofi," akasema. "Nilidhani hakunisamehe kamwe."

"Alirudi ndani anacheka mpaka akashika ukuta," akasema mama yake. "Akaniambia, 'Nilijua atakuwa Guoliang, mdomo wake hauna mlango. Ndiyo maana yeye nilimpa banda la nguruwe.'"

Guoliang akatoa sauti ya ajabu, nusu kicheko nusu kwikwi, akakaa chini juu ya matofali na suruali yake ya ofisini. Shuyun akajikuta amemwekea mkono begani. Hakukumbuka alivyovuka chumba.

"Kwa nini hamkutuambia baadaye?" Xiaoman akauliza.

"Kila mwaka tulisema, mwaka huu bado. Kisha tukazoea. Kisha alikufa, na hawa wawili wakaanza kununiana, nikasema waache, siku moja wataleta majembe wenyewe."

"Miaka minane, Mama!"

"Ninyi ndio mlionuna. Mimi nilikuwa nalala vizuri."

Dirishani kikatokeza kichwa cha jirani, Bi Luo, aliyekuwa na pua ndefu kuliko umri wake. "Nasikia mnachimba! Mmepata nini?"

"Bomba," akasema Shuyun.

"Jiwe," akasema Guoliang.

"Boga," akasema Xiaoman.

Bi Luo akawatazama mmoja mmoja, akaondoka akitikisa kichwa. Mama Peng alicheka mpaka akapaliwa na ganda, ikabidi apigwe mgongoni.

Likabaki swali la sanamu. Kwenye pipa la taka hakuna aliyethubutu, na Guoliang alisema heri ale plasta yote kuliko kuonekana nayo garini. Mwishowe mama akaamua irudi ilikotoka, walete ghorofa juu yake. Guoliang mwenyewe akaifunga, akaishusha kwa mikono miwili, akapanga matofali.

Wakala tambi uani, zimeshapoa na kugandana, wakibishana mama ahamie kwa nani. Ajuza akachagua kwa Xiaoman, kwa kuwa kuna lifti na hajachoka kupanda nayo na kushuka.

Langoni, Guoliang akatoa simu yake na kukohoa.

"Dada Mkubwa, nipe namba yako. Ile niliyokuwa nayo niliifuta."

"Uliifuta?"

"Kwa hasira. Wewe yangu unayo?"

"Nami niliifuta," akasema Shuyun, akaanza kumtajia.

"Polepole," akasema Guoliang, kidole kimoja kikitafuta tarakimu. "Sina miwani."